Kitabu Kilivyopokelewa Sebuleni Kwetu

Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, mwalimu wa Kiingereza wa binti yangu alinisogezea boksi la tishu. Alilisogeza polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayekupitishia chumvi mezani, kisha akakunja mikono na kuniangalia kwa upole mwingi. Nikalitazama lile boksi. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, bado nimevaa sare ya kituo cha kusafishia damu wagonjwa wa figo ambako ni muuguzi, na nilikuwa nimepanda treni na basi ili nije nigombane. Kulia hakukuwemo katika mipango yangu ya siku ile.

"Najua hili ni jambo zito kwako," akasema.

"Zito lipi?" nikamuuliza.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, tunaishi Silver Spring, huku Marekani, na binti yangu, mwenye miaka kumi na minne, ndiyo kwanza ameanza sekondari. Darasa lao lilikuwa linasoma riwaya moja ya safari na hatari, iliyoandikwa na Mwingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Ndani yake bwana mmoja wa Kiingereza anashuka pwani ya kwetu, anaajiri wapagazi, anaingia bara kutafuta pango lenye mawe ya thamani, anapambana na simba, homa na wenyeji, kisha anarudi kwao tajiri. Jina la kitabu sitalitaja. Kimeshapata wasomaji wa kutosha bila msaada wangu.

Sasa, kwa kuwa kitabu kinawasema vibaya watu wa kwetu, shule iliona ni busara binti yangu asikisome. Kila kipindi cha Kiingereza kilipofika aliambiwa achukue mkoba wake aende maktaba, akakae peke yake na kitabu kingine, cha msichana na farasi wake. Darasani walikuwemo watoto weusi wengine wengi, lakini wazazi wao walizaliwa huku huku, kwa hiyo walibaki. Aliyetolewa ni wangu tu. Na hakuna aliyeniuliza. Nilijua kwa bahati, Jumapili moja ninamsuka nywele, nilipomuuliza wanasoma nini siku hizi.

"They're reading some novel. I'm excused," akasema.

"Umefanya kosa gani?" Kwa akili yangu, mtoto anayetolewa darasani amemtukana mwalimu.

"Nothing, Mama. It's about Africa, so I don't have to."

Nikamuuliza kitabu gani. Alipokitaja nikaacha kusuka, chanuo kikabaki kimesimama kichwani mwake, nikacheka mpaka nikashika ubavu. Akageuka kuniangalia kama mtu anayefikiria kupiga simu kuita msaada.

Kwa sababu kitabu hicho nakijua. Nimelelewa nacho.

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya shamba la mkonge mkoani Tanga. Meneja wa kizungu alipofunga virago, aliacha nyumba, mbwa na rafu ya vitabu. Mbwa alichukuliwa na mpishi. Baba alibeba vitabu vilivyokuwa havijaliwa na mchwa, na katika hivyo, riwaya ilikuwa hiyo moja. Basi ndiyo tuliyosomewa. Baada ya kula, baba alikaa kwenye kiti chake, akavaa miwani, akaanza: macho yanasoma Kiingereza, mdomoni kinatoka Kiswahili, bila kusita. Nilikuwa mkubwa kiasi nilipogundua kwamba kitabu hakikuandikwa kwa lugha yetu.

Msikilizaji mkuu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane aliyekuwa akiishi nasi. Yeye alikaa mkekani na ungo wa mchele mapajani, akichagua mawe, na alikuwa na haki moja ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo: kumsimamisha msomaji.

Nakumbuka pale msafara unapovuka mto. Baba akasoma kwamba bwana yule, kwa ushujaa usio kifani, alivuka maji yaliyojaa mamba.

"Simama hapo," shangazi akasema. "Nani kavuka?"

"Bwana."

"Kwa miguu ya nani?"

Baba akarudi kwenye ukurasa, akatafuta. "Alibebwa mabegani na mpagazi."

"Basi sema mpagazi kavuka, bwana kapandishwa. Soma tena."

Na baba alisoma tena, hivyo hivyo alivyosahihishwa. Sisi watoto tulikuwa chini tunagaragara. Kila sura ilikuwa na lake. Bwana hawezi kuwa shujaa asubuhi mpaka anywe chai. Bwana ana beseni la kuogea la turubai, linalobebwa na mtu mzima kutoka pwani hadi milimani, na siku anayotaka kuoga hakuna maji. Bwana anagundua mlima. Shangazi anauliza, mlima huo alioneshwa na nani? Na kwenye ukurasa wa nyuma yake, kweli, yumo mpagazi anayenyoosha kidole na kuutaja kwa jina. Majirani walianza kuja kusikiliza. Mtaa mzima ulikijua kama kitabu cha vichekesho, na mimi nilikwenda shule, nikafika mpaka chuo cha uuguzi, nikiamini kwa dhati kwamba yule Mwingereza aliandika kwa makusudi, kwamba alikuwa mchekeshaji mkubwa wa zama zake na alikuwa anawacheka wenzake. Sikuwa na sababu ya kufikiri vingine. Hakuna mtu mwenye akili timamu, nilidhani, angeandika habari za lile beseni bila kucheka.

Kulikuwa na sheria nyingine ya shangazi. Mwandishi hakuwapa wapagazi majina. Akipigwa mtu, ni "mmoja wa wapagazi". Akiliwa na mamba, ni "mpagazi wa nyuma". Shangazi alikataa. Mtu haumii kwenye nyumba hii bila jina, alisema, na baba hakuruhusiwa kufungua ukurasa unaofuata mpaka tumpe. Tulichukua majina ya mtaani: fundi cherehani, mchimba visima, muuza samaki. Muuza samaki alisikia, akaja kulalamika kwa nini tumemzamisha mtoni wakati kila mtu anajua yeye ni muogeleaji. Baba akamwomba radhi, akamhamishia kwenye kundi lililofika salama.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nilipokaa mbele ya yule mwalimu na boksi lake. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye roho nzuri, na sisemi hivyo kwa kumsanifu. Alinieleza kwamba walitaka mwanangu ajisikie salama. Nikamwambia mwanangu haumwi. Akasema kitabu kina maneno yanayojeruhi. Nikamwambia najua kina nini, nimekisikiliza utoto wangu mzima, na kwetu tulikicheka.

Akainamisha kichwa upande. "Wakati mwingine watu hucheka ili kuficha maumivu," akasema.

"Wakati mwingine," nikamjibu, "watu hucheka kwa sababu mwanamume mzima kabebwa mabegani pamoja na birika lake la chai."

Hakucheka. Alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonichemsha. Kuchukiwa nimeshazoea: kuna wagonjwa wanaoniambia wanataka muuguzi mwingine, nawachoma sindano yao na maisha yanaendelea. Lakini kuhurumiwa na mtu anayekuhesabu kwamba hujui hata ulichokicheka, hapana. Akaendelea kusema kwamba kama napenda, upo utaratibu mwingine: mimi na binti yangu tuje siku moja, tukiwa tumevaa mavazi ya kwetu, tulieleze darasa jinsi kitabu hiki kinavyotufanya tujisikie. Baada ya hapo labda angeweza kurudi.

"Wengine walioko darasani walieleza wanavyojisikia kabla ya kuruhusiwa kusoma?"

"Hapana, lakini..."

"Basi na wangu asome kama wao. Yeye ni mwanafunzi. Hakuletwa shuleni kuwa maonyesho."

Akasema atazungumza na naibu mkuu wa shule. Nikaondoka. Boksi la tishu nililiacha pale pale, halijaguswa.

Nyumbani nilidhani nitapokewa kama mshindi. Mume wangu alikuwa ndiyo anaingia kutoka kazini, kwenye maghala ya Manassas, amechoka, na alisikiliza huku amefumba macho.

"Mke wangu, karatasi zetu bado ziko uhamiaji," akasema. "Usitafute ugomvi na serikali."

"Shule si uhamiaji."

"Huku yote jengo moja."

Nikamwacha na jengo lake. Lakini binti mwenyewe alipojua nimekwenda shuleni, uso ulimbadilika. "Mama, why? Nobody asked you. The library is quiet. Please usi-make it a thing."

"Wamekutoa darasani!"

"I like it there."

Hilo liliniuma, na nasema wazi kwamba liliniuma kuliko yote ya mwalimu. Niliona wamefanikiwa. Alikuwa ameshaamini kwamba ndani ya kitabu kile kuna kitu kikubwa kuliko yeye, kitu ambacho wenzake wanaweza kukitazama na yeye hawezi. Alikuwa anajibeba kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa: hajasikia maumivu yoyote, lakini ameanza kutembea taratibu. Mtoto wangu, mjukuu wa yule karani, anaogopa kitabu cha vichekesho.

Usiku ule sikumgombeza. Kesho yake nilipita maktaba ya umma nikaazima nakala, nikaisoma kwenye treni. Ilikuwa toleo jipya, lenye utangulizi mrefu wa profesa mmoja kuhusu jinsi riwaya ilivyopokelewa. Alieleza majarida ya London yalivyoisifu kwa ukweli wake. Alieleza wavulana wa shule walivyoipenda, na jinsi vijana wengine walivyokwenda makoloni kwa ajili yake. Kisha akaeleza kizazi kilichofuata kilivyoionea aibu, wasomi walivyoipasua vipandevipande, na hoja za kuiondoa mashuleni. Yote ameyataja. Nikasoma utangulizi ule mpaka mwisho nikitafuta Tanga. Nikatafuta Mombasa, Bagamoyo, hata Nairobi. Hamna. Kwa profesa, sisi tulikuwa watu waliobeba mizigo ndani ya kitabu, basi. Kwamba wapagazi walizaa watoto, na watoto wao wakapata miwani na kiti na jioni ya kupumzika, wakakifungua hicho hicho kitabu na kumwambia mwandishi hapa umetudanganya, hilo halikumpitia akilini. Nilisikia hasira mpaka nikapitiliza kituo changu.

Basi nikaamua. Kama shuleni hawamsomei, nitakisoma mimi, na nitakisoma kwa namna ya kwetu.

Jumamosi mchana nilipika pilau nikaita watu. Alikuja jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kizanzibari anayelea wajukuu. Alikuja binti wa Kikenya tuliyekuwa tukifanya naye kazi, akisoma uhasibu jioni. Na alikuja mzee mmoja wa Kikongo kutoka Lubumbashi, dereva wa teksi aliyekuwa akikaa Bladensburg, ambaye huleta wagonjwa kituoni kwetu na hajawahi kukataa pilau. Niliwaeleza sheria za shangazi: anayeona uongo anasimamisha, na mtu haumii bila jina. Binti yangu sikumlazimisha. Alijilaza kwenye zulia, ameziba masikio kwa muziki, mgongo ametugeuzia.

Nikaanza. Macho Kiingereza, mdomo Kiswahili. Mwanzoni nilijikwaa, maana sikuwahi kufanya hivyo, kisha sauti ikapata njia yake. Kwenye beseni la turubai mama wa Kizanzibari alicheka mpaka akaomba maji.

"Hebu ngoja, bibi we," akasema akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Huyu aliyebeba hodhi, kalipwa?"

"Kitabu hakisemi."

"Aka! Andika kalipwa."

"Aki huyu mzee ako na madharau," akasema binti wa Kikenya. "Amelost njia na compass iko mkononi, halafu anablame guide. Huyo ni supervisor wangu kabisa."

Nilipofika kwenye simba nikatia chumvi. Nikasema bwana alikimbia, akapanda mti, akaacha bunduki chini. Kutoka kwenye zulia sauti ikasema, "It doesn't say that."

Tukageuka wote. Alikuwa ametoa kidude kimoja sikioni. Akaenda chumbani akarudi na nakala ya shule, ile aliyogawiwa kabla hawajamtoa, akatafuta ukurasa. "He climbs the tree," akasema. "But he takes the gun with him. You added that, Mama."

"Nimeongeza kidogo."

"You can't add."

"Kwa nini nisiongeze? Yeye mwandishi kaongeza mangapi?"

"Then you're both lying," akasema, na akakaa. Alikaa kwenye mkono wa kochi, kitabu mapajani, na tangu hapo mimi nilitafsiri na yeye alinikagua. Nikizidisha, anakohoa. Wageni wangu walimpenda sana kwa hilo. Mama wa Kizanzibari alisema huyu mtoto ni kadhi.

Tukaendelea hivyo Jumamosi hadi Jumamosi, kila mtu alipopata nafasi. Sitasema uongo kwamba aliniambia anafurahi. Alikuwa anasema amekaa kwa sababu ya pilau. Na siku za shule aliendelea kuchukua mkoba wake na kwenda maktaba.

Kisha tukafika sura ya dira. Dira ya bwana inapotea. Analaumiwa mpagazi mmoja, kijana, anafungwa kwenye gurudumu la mkokoteni na kuchapwa viboko mbele ya wenzake, kurasa mbili nzima. Mwishoni bwana anaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake na kuikuta dira humo. Na hapo tu, katika kitabu kizima, ndipo mwandishi anapotaka tucheke. Anaandika kwamba lilikuwa kosa la kuchekesha, na kwamba jioni hiyo bwana alilisimulia kwa furaha tele.

Tanga, hapo hatukucheka. Nakumbuka baba alivua miwani akaifuta, na shangazi hakusema simama wala hakusema endelea.

Silver Spring nilisoma kwa haraka, nipite. Mzee wa Kikongo akanyoosha mkono.

"Mama, simama kwanza pale. Ule mutu banamupiga, jina yake nani?"

"Hana," nikasema. "Tumpe."

Hakuna aliyetoa jina la mzaha. Yule mzee alitazama mikono yake, kisha akataja jina, taratibu. Silo la mtu tunayemjua.

"Ni jina ya babu yangu," akasema. "Mzazi wa baba. Alibebaka mizigo ya bazungu, tangu kule chini mpaka kwenye mines. Mugongo yake ilikuwa na alama kama barabara. Sisi batoto tulikuwa tunapitisha kidole pale, tunafanya gari. Hatukujua. Alors, mumupatie ile jina."

Nikarudi mwanzo wa sura nikaisoma upya, na kila palipoandikwa "mpagazi" nilisoma jina lile. Kurasa mbili zile zilikuwa ndefu. Binti yangu hakukohoa hata mara moja, ingawa nilikuwa naongeza neno ambalo halimo. Nilipomaliza akauliza, "What happens to him? After?"

Nikafungua mbele. Kesho yake msafara uliondoka alfajiri, hali ya hewa ilikuwa nzuri. "Hakisemi," nikamwambia.

"It has to say." Akaanza kupekua nakala yake mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikishuka kwenye mistari, na tukamsubiri wote huku pilau inapoa. Alipofika mwisho akafunga kitabu. "He just stops being in it," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

"Mi najua," akasema yule mzee. "Alirudia kwetu. Alioa. Alizaa baba yangu. Mi niko hapa, ninakula pilau ya mama yako."

Binti yangu alikiweka kitabu kando. Kisha akaniomba sahani.

Jumatatu nilikuwa kazini, mgonjwa kwenye mashine, simu ya mapokezi ikaniita. Ilikuwa shule. Mwalimu alisema binti yangu ameambiwa aende maktaba na hataki. Hakufanya fujo, hakujibu vibaya. Ila tu hakuuchukua mkoba wake. Amekaa kwenye kiti chake, amefungua kitabu pale walipofikia wenzake.

"Mwache akae," nikasema.

"Nina wasiwasi naye."

"Mimi sina."

Nilikuwa nao, tena mwingi, lakini hilo halikumhusu. Naibu mkuu akaingilia, kukawa na vikao nisivyoalikwa, na mwishowe wakamwachia kiti chake. Alinisimulia baadaye, kwa mkato kama kawaida yake, kwamba siku ya kwanza mvulana mmoja alimgeukia mbele ya wote akamuuliza anajisikiaje, kama Mwafrika. Akamwambia bado hajamaliza sura, amsubiri.

Walipomaliza kitabu kila mwanafunzi aliandika insha. Yake aliiandika peke yake, mlango umefungwa, wala hakunionesha. Niliisoma iliporudishwa. Aliandika kwamba shujaa wa riwaya hii ni kichekesho na mwandishi wake hajui. Aliandika kwamba mtu anayebebwa na watu arobaini na kusema amesafiri peke yake lazima achekwe, na kwamba waliokisifu na waliokionea aibu wote walimwamini mwandishi kupita kiasi. Na aliandika kwamba mahali pekee ambapo mwandishi anatuomba tucheke ndipo mahali pekee ambapo msomaji hatakiwi kucheka, na kwamba hivyo ndivyo unavyoweza kumpima mwandishi. Nilisoma nimesimama jikoni, nikasoma tena. Sijui alitoa wapi Kiingereza kile.

Alipewa C.

Chini, kwa wino wa kijani na mwandiko mzuri, mwalimu alikuwa ameandika kwamba insha imepangwa vizuri, lakini mwanafunzi amekosea aina ya kitabu: hii si kazi ya vichekesho na haijawahi kupokelewa hivyo na wasomaji wa mahali popote. Akaongeza kwamba afikirie zaidi kama ni sahihi kufanyia mzaha mateso ya Waafrika.

Nilivaa kiatu kimoja, nikaanza kutafuta cha pili. Nilikuwa naisikia sauti yangu inapanda bila kuiamrisha. Haijawahi kupokelewa! Mahali popote! Nilisema nitamfuata mwalimu, nitamfuata naibu, nitakwenda na mama wa Kizanzibari na mzee wa Kikongo pamoja na teksi yake, walimu hao watueleze mateso ya nani hayo tunayoyafanyia mzaha. Mume wangu alinyanyua kichwa kwenye kochi, akataka kutaja uhamiaji, akaniona uso, akarudisha kichwa kwenye mto.

Binti yangu alikuja akasimama kati yangu na mlango. Amekuwa mrefu, nilikuwa sijaona. Akachukua insha yake mkononi mwangu, taratibu, akainyoosha pale nilipoikunja.

"Mama, stop. Darasa lote tumepewa grades. Na mimi nimepewa."

"Amekosea!"

"I know she's wrong. Kesho nitabishana naye." Alitafuta neno, akalipata. "Mimi mwenyewe. Wewe usije."

Akarudi chumbani na insha yake, na kabla hajafunga mlango nilimsikia ameshaanza kuisoma kwa sauti, akisimama anapofika mahali pa kujibiwa, akimjibu mtu ambaye hayupo. Nilibaki pale mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Hasira yangu yote ilikuwa bado iko nami, moto kabisa, na hapakuwa na mtu aliyeihitaji.